Kama ni Biashara, Nionyeshe Daftari

Nina hakika nyumbani kwako kuna kopo. Linaweza kuwa la Blue Band au la maziwa ya unga, lakini lipo, na ndani yake kuna vitu ambavyo mtu akikuuliza unajibu, "Ah, ni mambo yangu tu haya." Kwa mwenzangu mmoja hapa ofisini ni nyuzi za kufumia. Mwingine ana vipande vya ngozi anavyoshonea pochi. Kwangu mimi ni shanga.

Nilianza mwaka 2016 bila kupanga. Mkufu wangu ulikatika asubuhi ya harusi, shanga zikatawanyika chini ya kochi, na mimi nikapiga magoti nikaziokota moja moja nikazitunga upya kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Ukumbini watu watatu wakaniuliza nimeununua wapi. Jamani, nani asiyependa kuulizwa hivyo? Wiki iliyofuata nikaenda Kariakoo, nikarudi na plaizi ndogo, waya, ndoano za hereni na shanga za rangi sita. Nikawa natunga jioni nikitazama tamthilia. Kazi ya uhariri inachosha kichwa, shanga zinakituliza. Mpaka hapo hakuna tatizo.

Tatizo linaanza siku mtu anapotoa pesa.

Nakumbuka seti yangu ya kwanza kuuza, yaani mkufu na hereni zake. Bei niliitunga palepale mlangoni, Sh 15,000, na nilipotamka nikaona aibu kana kwamba naomba msaada. Baada ya hapo nikawa na bei tatu: 15,000 kwa mtu baki, 10,000 kwa rafiki, na bure kwa ndugu. Sasa wewe unazijua koo zetu zilivyo. Ndugu hawaishi! Na rafiki wa ndugu naye ni ndugu. Lakini nilikuwa natembea kifua mbele najiita mjasiriamali, WhatsApp nimeandika hivyo kabisa, na mume wangu alikuwa ananisifia mbele ya watu.

Kisha ikaja harusi ya mwaka 2018. Naomba uvumilivu, maana hii ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

Kamati fulani ya harusi iliniagiza seti 40 za rangi ya zambarau kwa ajili ya akina mama wa pande zote mbili. Arobaini! Nikawapa bei ya jumla, Sh 12,000 kwa seti, jumla Sh 480,000. Malipo ya awali? Sikuomba. Mama aliyeniletea kazi anafahamiana na dada yangu, nitamdaije mtu mzima nusu kabla sijaanza? Vifaa vilihitaji Sh 300,000 na mimi mfukoni sina. Ila ndani kulikuwa na kodi ya nyumba. Ile ya miezi sita kwa mkupuo, ambayo wapangaji wenzangu wa Dar es Salaam mnajua inavyokusanywa kwa jasho. Mume wangu alikuwa ameiweka kabatini ikisubiri mwenye nyumba arudi safari. Nikachukua laki tatu. Sikumwambia. Nilijiambia ni mkopo wa wiki tano tu, zitarudi kabla hajafungua bahasha.

Usiku baada ya usiku nikatunga. Watoto wakilala, nakaa mezani mpaka saa saba, mgongo unauma, macho yanawasha. Siku sita kabla ya sherehe napigiwa simu: bibi harusi amebadilisha rangi, sasa ni rangi ya maji ya bahari, "lakini usijali mpenzi, wachache wanaopenda zambarau watachukua." Wakachukua seti 12. Nikapewa Sh 144,000. Seti 28 zikabaki kwangu kwenye boksi la viatu, na kwenye bahasha ya kodi kukawa na pengo la Sh 156,000.

Mwenye nyumba akarudi, bahasha ikafunguliwa.

Nilitegemea mume wangu atapiga kelele. Hakupiga. Alihesabu pesa mara mbili, akaniuliza nimepeleka wapi, nikamweleza. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mama, mwezi mzima nalala peke yangu nasikia plaizi tu huko sebuleni. Sikusema kitu. Kama ni mchezo wako unaokupumzisha, sawa, lakini mchezo haulipiwi kwa kodi. Na kama ni biashara, nionyeshe daftari."

Sikuwa na daftari.

Dada zangu, niwaambie ukweli, ile kauli iliniuma kuliko kama angefoka. Nilimnunia siku tatu. Nilimwona hanithamini, haungi mkono ndoto zangu, na mashoga wawili niliowahadithia wakanijaza upepo zaidi. Siku ya nne nikanunua daftari la shule, lile la kurasa 96, nikakaa nalo mezani nikiwa na hasira, nia yangu ni kumwonyesha kwamba amekosea. Nikaanza kuandika.

Seti moja ya zambarau: shanga, waya, ndoano na kifungio vilinigharimu Sh 7,500. Nilikuwa nauza 12,000. Kwa hiyo nabaki na 4,500, si haba. Lakini seti moja ilinichukua saa tatu. Tatu mara arobaini ni saa 120. Nikazigawa kwa saa nane za ofisini nikapata siku 15 za kazi, wiki tatu kamili Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikazigawa kwa zile saa nne nilizokuwa nakaa kila usiku, nikapata usiku 30. Mwezi mzima, kama alivyosema. Na hata kama kamati ingelipa mpaka senti ya mwisho ningebaki na Sh 180,000, ambayo ni Sh 1,500 kwa saa, kabla sijatoa nauli za Kariakoo, viboksi na bando la kutuma picha za rangi kwa mwenyekiti ambaye hakuwa anaridhika.

Hapo ndipo nilipoacha kununa.

Tukiwa tunatengeneza kitu kwa mapenzi, saa zetu hatuzihesabu. Ndio utamu wake. Ila ukishataja bei tu, zile saa unamuuzia mtu, na usipozihesabu wewe, kuna mwingine anazilipia nyumbani kwako bila kuulizwa. Kwangu alikuwa ni mwanamume aliyelala peke yake usiku 30.

Njia niliyoipata ya kutojidanganya ni hii. Jiulize: hii seti ningempa dada mwingine anitungie, nikamlipa ujira unaomtosha kula na nauli, je, bei yangu ingebaki na kitu? Kama jibu ni hapana, basi dada huyo ni wewe na unajidhulumu. Ndiyo maana huwa napenda mfano wa Kazuri, karakana ya shanga za udongo iliyopo Karen, Nairobi. Susan Wood aliianza mwaka 1975 kidogo kidogo nyumbani kwake, akiwa na akina mama wawili waliokuwa wanalea watoto peke yao. Leo ina wafanyakazi mamia na shanga zake zinauzwa nchi za mbali. Wengi tukisikia habari kama hiyo tunatamani zile mamia. Mimi nawatazama wale wawili wa kwanza. Ukishakuwa na watu wawili wanaosubiri ujira, huwezi kusema saa ni za bure.

Nikapanga bei upya. Vifaa 7,500. Nauli, kiboksi na bando 1,500. Saa tatu kwa Sh 3,000 kila moja ni 9,000. Mpaka hapo 18,000. Halafu 4,000 za biashara yenyewe, maana plaizi inakatika, seti nyingine hazitoki, na mtaji wa mzigo ujao hauwezi kutoka kwenye bahasha ya kodi tena. Jumla Sh 22,000. Nilipoiandika nilicheka. Nani atanunua kwa bei hiyo wakati Kariakoo seti zinazong'aa kutoka China zinaanzia elfu mbili tatu?

Swali zuri, na wengi hapo ndipo wanaporudisha bei chini. Usishindane na kontena, hutaliweza. Mteja wa elfu mbili muache aende kwa amani. Wa kwako ni yule anayekuletea kipande cha kitenge alichoshonea gauni na kusema nataka rangi hii hii, au mwenye shingo nene ambaye mikufu ya dukani inamkaba. Kuna na yule ambaye mkufu wa marehemu mama yake umekatika na hataki mwingine isipokuwa ule. Huyo kontena haliwezi kumhudumia.

Lakini ukitaka bei ya juu, kazi nayo iwe ya juu, tusidanganyane. Mimi niliaibika. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinirudishia hereni baada ya siku mbili, masikio yamevimba yanatoa maji. Nilikuwa nanunua ndoano za bei chee bila kuuliza ni madini gani. Nyingi za namna hiyo zina nikeli, na nikeli ni moja ya vitu vinavyoongoza kuleta mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo kwenye vitu vya kuvaliwa mwilini tangu sheria yake ya mwaka 1994. Nikamrudishia hela yake, nikamwomba radhi, na kuanzia siku hiyo natumia ndoano za chuma kisichoshika kutu au fedha halisi. Zinaongeza gharama, naiandika kwenye daftari, mteja namweleza. Hakuna hata mmoja aliyebisha.

Na shanga vilevile. Za plastiki zinapauka kwa jua na jasho, za kioo zinadumu. Ukitaka kuzitofautisha, weka chache shavuni: za kioo ni baridi na zina uzito. Zile ndogo za kioo ambazo Wamasai wanatungia mapambo yao, nyingi asili yake ni Jamhuri ya Czech, kwenye mji wa Jablonec ambako kioo kimekuwa kikitengenezwa kwa karne nyingi. Namba zake huwa zinachanganya wageni: namba ikikua shanga inapungua, kwa hiyo namba 11 ni ndogo, kama milimita mbili hivi, kuliko namba 8. Nimewahi kununua robo kilo ya namba isiyo yangu kwa kutojua hilo, basi.

Na vile vipande vya kitenge tunavyookota kwa mafundi cherehani ili kufunikia bangili, tusijidanganye kuwa ni bure. Fundi umempa soda. Andika soda.

Niseme kidogo kuhusu shanga za kiunoni, maana najua kaka zetu nao mnasoma ukurasa huu mkijifanya mnafunua tu. Hizi ndizo bidhaa zangu zisizopunguzwa bei. Wanawake wa Pwani wamezivaa tangu enzi za bibi zetu, na mambo yake hufundishwa ndani na somo, siyo kazi yangu kuyaeleza hapa. Ninachojua ni kwamba oda zake huja saa nne usiku, ujumbe ni mfupi, na robo tatu ya wanaoagiza ni wanaume. Hawaulizi bei. Wanauliza itafika lini!

Kuhusu kutangaza sina mengi. Piga picha karibu na dirisha asubuhi ya saa tatu, mwanga wa taa unaharibu rangi. Na jamani, hii tabia ya "bei njoo inboksi" tuiache. Mteja aliyeko kwenye daladala kashika simu kwa mkono mmoja hana muda wa kukubembeleza umtajie bei. Andika bei. Anayeimudu atakuja, asiyeimudu mmeokoleana muda.

Makaratasi nayo si ya kutisha kama tunavyosimuliana. TIN inatolewa bure na TRA, jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao bila kukanyaga ofisi ya mtu. Mimi nilisajili mwaka wa pili baada ya daftari, siyo kabla, na nadhani nilifanya sawa. Nimeona wenzetu wengi wana nembo, mhuri na kadi za biashara, bidhaa hawana. Kilichonisaidia mapema zaidi ni laini ya simu ya pembeni yenye lipa namba yake. Pesa ya shanga inaingia huko, haigusani na ya mboga. Ukitaka mafunzo au ushauri, nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo limekuwepo tangu mwaka 1973 na bado watu tunalipita getini. Na kama mko kikundi, ulizieni halmashauri mikopo ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ila mkopo bila daftari ni bahasha ya kodi nyingine tu, nawatahadharisha.

Wengi mnaniandikia mkiuliza, "Niache kazi?" Mimi sijaacha, unanisoma hapa. Daftari langu linasema mwezi mzuri naingiza pesa ya kulipa ada na kubaki na chenji, mwezi mbaya nalipa umeme. Desemba inauza, Januari inalia. Siku daftari likionyesha miezi kumi na miwili mfululizo inayofikia mshahara wangu, nitalifikiria upya. Na kuna kitu kingine ambacho hatukisemi: ukiigeuza hobi kuwa kazi, umepoteza hobi. Siku hizi nikikaa na shanga ninatazama saa. Nimejiwekea Jumapili moja ya mwezi ya kutunga kitu ambacho hakiuzwi, na bado hata siku hiyo najikuta napiga hesabu kichwani. Hilo sijalipatia dawa.

Nyumbani je? Laki moja na nusu na ushee niliirudisha kwa miezi mitano, kutoka kwenye zile seti 28 nilizokuwa nauza moja moja. Nilimkabidhi mume wangu kila nikiuza, mkononi, pamoja na daftari. Mwanzoni alikuwa anasaini kama mwalimu mkuu, nikawa nakasirika. Baadaye akaanza kuuliza maswali. Mbona ndoano zimepanda? Huyu wa Tabata mbona hajamaliza deni? Tukakubaliana usiku ni mbili tu kwa wiki, na mwisho saa nne. Oda zikizidi hapo, kuna dada jirani ananitungia hereni, namlipa kwa jozi, na ujira wake unatoka kwenye zile 9,000 za saa. Nusu malipo kabla ya kuanza, kwa kila mtu. Kila mtu!

Na hapo ndipo penye kazi, maana bei kwa mteja ni rahisi. Bei kwa ndugu ndiyo mtihani. Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia.

"Wifi yangu kipenzi, nina sherehe wiki ijayo, nitungie kama ile uliyovaa Idi."

Mume wangu alikuwa pembeni, simu iko kwenye spika. Moyo ukanidunda kama siku ile ya kwanza mlangoni.

"Wifi, ni elfu ishirini na mbili. Nusu unatanguliza."

Kimya.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, wifi."

Akakata simu. Nikamtazama mume wangu, naye akatazama dari. Nilishaanza kufikiria maneno ya kumwomba msamaha mama mkwe nitakapoitwa kwenye kikao. Baada ya kama dakika kumi ujumbe ukaingia: Sh 11,000, na chini yake wifi kaandika, "Isiwe na dosari basi, nimelipa!"

Mume wangu akavuta daftari, akaandika mwenyewe: Dada, 11,000, bado 11,000. Kisha akaniuliza ile seti ya mwisho ya zambarau iliyoko kwenye boksi la viatu naiuza au vipi, maana kuna mwenzake kazini anaitaka.

Ile nimekataa kuiuza. Nitaivaa mwenyewe kwenye sherehe ya wifi.